Fomu ya afya ya mwanao: simu inakili, mzazi ndiye anayejibu

Msomaji wangu, tuseme unaishi Mloka, kijiji cha Wilaya ya Rufiji kilicho kando ya mto, jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwanao amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni, mikoa miwili kutoka kwenu. Maelekezo ya kujiunga yamepakuliwa mtandaoni na ndani yake mna fomu ya afya. Inauliza mambo mengi. Mtoto ana mzio wa dawa gani? Amewahi kulazwa, na kwa ugonjwa gani? Katika ukoo kuna mwenye kisukari, kifafa au seli mundu? Chanjo ya mwisho alipata lini? Ana kilo ngapi?

Hadi juzi njia zilikuwa mbili. Ulikwenda kwa kijana wa steshenari akakujazia kwa malipo kidogo, au ulimpigia ndugu aliye Dar es Salaam ukamsomea namba moja baada ya nyingine hadi salio likaisha. Sasa kuna njia ya tatu: unaiambia simu yako, "Nijazie."

Akili mnemba iliyomo kwenye simu, ile ambayo wengi wenu mmeanza kuongea nayo kwenye WhatsApp, haiishii tena kujibu maswali. Mwaka 2025 vilitoka vivinjari, kama Comet cha kampuni ya Perplexity na Atlas cha OpenAI, vyenye msaidizi anayeweza kufungua ukurasa wenye fomu, kuusoma na kujaza nafasi zake kwa niaba yako. Anachukua majibu kwenye mazungumzo yenu ya nyuma, kwenye picha ulizompa na kwenye kumbukumbu anayokuwekea. Huduma nyingi za afya na bima zinahamia mtandaoni, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima. Kwa hiyo fomu hizi zitaongezeka, na wasaidizi hawa watafika hata kwenye simu za bei nafuu.

Siandiki leo kukukataza. Nina jambo moja tu la kukuomba: mwache msaidizi anakili unachokijua, ila asikujibie usichokijua. Kwenye fomu ya afya, nafasi iliyoachwa wazi ni salama kuliko jibu zuri lililobuniwa.

MSAADA WAKE NI WA KWELI

Tuanze na haki yake. Fomu nyingi za afya zimeandikwa kwa lugha ya wanaozipokea. Hazikuandikwa kwa lugha ya anayezijaza. Zipo za Kiingereza, na hata za Kiswahili zina maneno kama "mzio" au "historia ya magonjwa sugu" ambayo mama aliyeishia darasa la nne hana sababu ya kuyajua. Msaidizi anaweza kumweleza kwamba mzio ni ile aleji, dawa au chakula kinachomkataa mtu hadi akavimba, akatoka vipele au akabanwa pumzi. Anaweza kumsomea kwa sauti bibi ambaye macho yake hayaoni maandishi madogo. Anaweza kunakili namba ya NIDA yenye tarakimu 20 bila kuruka hata moja, kazi ambayo mimi mwenyewe huirudia mara mbili.

Jirani zetu Kenya wana mfano mzuri. Shirika la Jacaranda Health lina huduma ya ujumbe mfupi kwa wajawazito na akina mama waliojifungua, iitwayo PROMPTS. Mama anauliza kwa Kiswahili au Kiingereza, mashine inapanga maswali kwa uharaka wake, na nyuma yake kuna watu wa dawati la msaada. Swali la mama anayevuja damu halisubiri nyuma ya swali la chakula cha mtoto. Hapo mashine inafanya kazi inayoiweza, na binadamu yupo.

Tatizo linaanza pale mashine inapokutana na kisanduku kitupu na hakuna aliyeiambia cha kuandika.

MASHINE NA NAFASI TUPU

Kijana wa steshenari akikuuliza, "Mama, mtoto ana aleji ya dawa yoyote?" ukakaa kimya, atakutazama. Ataona unawaza. Ataongeza, "Hata sindano, mama, hajawahi kuvimba?" Wakati mwingine naye atachoka na kuandika "Hakuna" ili foleni isogee. Siwasifu kupita kiasi. Lakini walau ameusikia ukimya wako.

Msaidizi wa akili mnemba ameundwa kwa namna nyingine. Amejifunza kwa kusoma maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kutabiri neno linaloelekea kufuata. Ukimpa sentensi nusu, anaimalizia. Ukimpa fomu nusu, anaelekea kuimalizia vilevile. Anachoandika hufanana na majibu ya watoto wengi, na kwa sababu hiyo hupita machoni bila kushtua. Mwanao, hata hivyo, ni mmoja tu.

Mwaka 2024 watafiti nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa programu iitwayo Whisper, inayogeuza sauti kuwa maandishi. Katika takribani asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyoijaribu navyo, iliandika maneno au sentensi nzima ambazo hakuna mtu aliyezitamka. Waliopatwa zaidi na kasoro hiyo ni watu wenye shida ya usemi, ambao hunyamaza kwa muda mrefu katikati ya maneno. Walipokaa kimya, mashine iliendelea kuandika. Mwaka huohuo shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba zana zilizojengwa juu ya programu hiyo zilikuwa zikitumika katika hospitali kuandika mazungumzo ya daktari na mgonjwa.

Asilimia 1 inasikika ndogo. Lakini sisi madaktari hatutibu asilimia. Tunamtibu mtoto aliye mbele yetu, kwa karatasi tuliyoletewa.

MASWALI AMBAYO KUBAHATISHA KUNAUMIZA

Si kila swali la fomu lina uzito sawa. Jina la kijiji likikosewa herufi, litarekebishwa. Yapo manne ambayo ningependa uyasimamie mwenyewe.

La kwanza ni mzio. "Hana mzio" na "hatujui" ni majibu mawili yaliyo mbali kabisa. Muuguzi akisoma "hana", anachoma sindano ya penisilini na kwenda kwa mgonjwa anayefuata. Akisoma "hatujui", anauliza kwanza, anamkalisha mtoto amtazame, na anahakikisha dawa ya dharura ipo karibu. Vivyo hivyo kwa dawa zenye salfa, kama kotrimoksazoli au SP: kwa watu wachache husababisha ngozi kubabuka na kuchubuka vibaya. Kama mwanao aliwahi kutoka malengelenge baada ya vidonge na hukumbuki jina la dawa, andika hivyohivyo: "Aliwahi kubabuka baada ya vidonge, jina hatulikumbuki." Hilo ni jibu zuri mno kwa daktari. Mashine ikilipanga upya liwe "mzio: hakuna uliothibitishwa", imelifuta.

La pili ni uzito. Dawa nyingi za watoto hupimwa kwa kilo. Chukua mseto wa malaria, ambao kila nyumba ya Rufiji inaujua. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi, wa kilo 15 hadi chini ya 25 viwili, wa 25 hadi chini ya 35 vitatu, na wa 35 na zaidi vinne. Msaidizi akikumbuka kwamba mwaka jana ulimwandikia mtoto ana kilo 14 na akajaza hivyo leo, mtoto aliyefika kilo 17 ataandikiwa nusu ya dozi yake. Uzito haukumbukwi, unapimwa. Kama mizani haipo karibu, acha wazi.

La tatu ni chanjo, na hapa elimu ya mashine ndiyo hatari yenyewe. Msaidizi anajua ratiba ya chanjo ya Tanzania. Anajua kwamba chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Ukimpa tarehe ya kuzaliwa, anaweza kuhesabu na kuandika tarehe mbili safi kabisa. Lakini ratiba inasema lini mtoto alipaswa kuchanjwa. Haisemi kama alichanjwa. Kumbuka mafuriko ya Aprili 2024, maji yalipofunika mashamba na makazi Rufiji na Kibiti na familia zikahamia sehemu za juu. Mtoto aliyekuwa na miezi 9 wakati huo anaweza kuwa alikosa siku yake, na kadi yake ya kliniki ikaenda na maji. Fomu ikisema amechanjwa, hakuna atakayemtafuta amalizie. Na surua haisomi fomu.

La nne ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho kwa mjamzito. Tarehe ya kujifungua tunaipata kwa kuhesabu siku 280 kuanzia hapo, na maamuzi makubwa hutegemea hesabu hiyo: kama mimba imepitiliza, kama mtoto ni mdogo kuliko umri wake, kama uchungu umekuja mapema. Kwa mama wa Mloka, tarehe hiyo ndiyo inayomwambia lini asogee kwa ndugu wa Ikwiriri au Utete ili uchungu usimkute mbali na hospitali, wakati wa mvua na barabara mbovu. Ikikosewa kwa mwezi mmoja, safari nzima imekosewa.

Nawaomba pia msisahau seli mundu. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo nchini kila mwaka, na si wote hupimwa mapema. Kama mwanao huumwa viungo mara kwa mara, macho huwa ya njano na amewahi kuongezewa damu, lakini hajapimwa, jibu la fomu si "hana" wala si jina la ugonjwa alilolikisia msaidizi. Jibu ni "hajapimwa", likifuatiwa na dalili hizo. Kwa mtoto mwenye seli mundu, homa ni dharura ya kukimbizwa hospitali usiku uleule. Matroni wa bweni hawezi kulijua hilo kama karatasi imemwambia mtoto ni mzima.

KISWAHILI CHETU, FOMU YAO

Kuna makosa mengine ambayo hayatokani na ukimya. Umesema vizuri kabisa, ila mashine imekuelewa vibaya.

Chukua saa. Ukisema mtoto alianza degedege saa mbili usiku, kila mtu wa hapa anajua ni saa mbili baada ya jua kuzama. Fomu ya mtandaoni inayohesabu saa 24 inatakiwa kuandikwa 20:00. Msaidizi aliyezoea saa za Kizungu anaweza kuandika 02:00. Daktari anayesoma ataamini mtoto alianza kuumwa saa sita baadaye kuliko ilivyokuwa.

Chukua miezi. Akina mama wengi wa Rufiji na pwani yote huhesabu kwa miezi ya Kiislamu. Mama akisema, "Niliona damu mfungo sita, baada ya Maulidi," wakunga wa hapa wanamwelewa papo hapo. Mwaka 2025 Maulidi iliangukia mwanzoni mwa Septemba. Lakini mashine isiyojua hesabu yetu ya mfungo inaweza kuona "sita" ikaandika Juni. Mimba imekuzwa kwa miezi mitatu kwa neno moja. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, kosa hilo halibaki palepale. Kila mwaka linahama.

Chukua undugu. Mama mkubwa ni mama, na baba mdogo ni baba. Ukiiambia simu, "Mama yetu alikufa kwa saratani ya titi," ukimaanisha dada wa mama yako, umesema kweli kwa desturi yetu. Fomu ya hospitali inauliza aliyekuzaa, kwa sababu hatari inayorithiwa kutoka kwa mama mzazi haipimwi sawa na ile ya mama mkubwa. Sema wazi: "dada wa mama yangu, tumbo moja."

Chukua hata majina ya magonjwa. "Ana presha" inaweza kuwa ya kupanda au ya kushuka. "Damu imepungua" inaweza kuwa kipimo cha zahanati au maneno ya jirani aliyemwona mtoto amepauka. Mganga wa zahanati atakuuliza unamaanisha ipi. Msaidizi anaweza kuchagua moja na kuendelea, na wewe usijue kwamba uchaguzi umefanyika.

SIMU MOJA, WAGONJWA WATATU

Wanaotengeneza wasaidizi hawa wanafikiria simu moja ina mtu mmoja. Kwetu simu moja ina nyumba nzima. Asubuhi mama ameiuliza kuhusu uchungu wa tumbo chini ya kitovu. Mchana bibi ameisomesha dawa zake za presha. Jioni kijana ameiuliza, kwa siri, kuhusu kipimo cha Virusi vya Ukimwi (VVU). Msaidizi anaweza kuyaweka yote kwenye kumbukumbu moja, kama habari za mtu mmoja.

Siku kijana huyo anaomba kazi ya kuhudumu kwenye kambi ya watalii na fomu inauliza kuhusu afya yake, nini kitatoka? Pengine presha ya bibi. Pengine lile swali la usiku, ambalo hata halikuwa jibu. Simu ikiwa ya steshenari, ambapo wateja hupita mmoja baada ya mwingine, hatari inazidi.

Sheria ipo upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Sheria ya VVU na Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo chako. Lakini sheria hufika baada ya jambo kutokea. Habari iliyokwisha kutumwa kwa mwajiri hairudi mdomoni. Kinga ni kutompa msaidizi kile ambacho fomu iliyo mbele yako haikihitaji.

RUFIJI INAIJUA THAMANI YA "SIJUI"

Watu wa wilaya hii si wageni wa kuulizwa maswali ya afya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, chini ya mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP, wadodosaji walipita kaya kwa kaya katika vijiji vya upande wa Ikwiriri na Kibiti, kila baada ya miezi minne. Waliandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Kazi hiyo baadaye iliendelezwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Kifo kilipotokea, ndugu walihojiwa kwa upole: alikuwa na homa? Kwa siku ngapi? Alipata degedege? Alipelekwa wapi kwanza? Kisha madaktari walisoma majibu hayo na kukadiria kilichomuua.

Majibu hayo ndiyo yaliyowaonyesha wapangaji wa wilaya kwamba malaria na magonjwa mengine ya watoto yalibeba mzigo mkubwa kuliko fedha zilizotengewa. Mipango ikabadilishwa, na katika wilaya za mradi, Rufiji na Morogoro Vijijini, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka iliyofuata. Utafiti wa Rufiji uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha pia kwamba wengi wa waliokufa kwa malaria walikuwa wametafuta kwanza tiba ya hospitali, tofauti na lawama iliyozoeleka kwamba wazazi hukimbilia kwa waganga wa kienyeji. Lawama hiyo ilipingwa na majibu ya wafiwa wenyewe, waliosema walichokiona.

Dodoso la Shirika la Afya Duniani (WHO) linalotumika kuwahoji wafiwa lina nafasi ya kuandika "hajui" kwa maswali yake. Waliolitunga walielewa kwamba mama aliyefiwa hawezi kukumbuka yote, na kwamba kumlazimisha achague "ndiyo" au "hapana" ni kuharibu ukweli. Hilo ningependa walisikie wanaotengeneza fomu za hospitali, shule na bima. Wekeni kisanduku cha "sijui". Fomu inayokataa kutumwa hadi kila nafasi ijazwe inamfundisha mzazi kubuni, na inamfundisha msaidizi wake vilevile. Wekeni pia alama kuonyesha jibu lililojazwa na mashine ambalo mgonjwa hajalithibitisha, ili mtoa huduma ajue pa kuuliza tena.

MZAZI, FANYA HIVI

Kwanza, kabla ya kugusa simu, weka mezani karatasi ulizo nazo: kadi ya kliniki ya mtoto, daftari la zahanati, cheti cha kuzaliwa, maboksi ya dawa anazotumia. Kama kadi imepotea, nenda zahanati uliyochanjia, kwani rejesta zao huwa na kumbukumbu. Jibu litoke kwenye karatasi au kwa mtu aliyeona.

Pili, mwambie msaidizi maneno haya, kwa sauti au kwa kuandika: "Jaza yale tu niliyokupa hapa. Usichokijua acha wazi na uniulize. Usikadirie tarehe, uzito, dawa wala ugonjwa." Maneno haya hupunguza kubahatisha, ingawa hayakuondolei wajibu wa kukagua.

Tatu, taja ni nani mnayemzungumzia: "Fomu hii ni ya mwanangu wa miaka 17. Usitumie habari za mtu mwingine wa nyumba hii." Ikiwezekana anza mazungumzo mapya, na uzime kumbukumbu kwenye mipangilio. Ukiwa kwenye simu au kompyuta ya steshenari, hakikisha mazungumzo yamefutwa na akaunti imefungwa kabla hujalipa.

Nne, geuza mwenyewe saa na miezi. Sema "saa mbili usiku, yaani saa 20:00". Kwa mfungo sita, muulize msaidizi uliangukia tarehe zipi, kisha hakiki kwa kalenda ya msikitini.

Tano, usimruhusu abonyeze "Nakubali" wala "Tuma". Tamko la mwisho, lile linalosema maelezo yote ni ya kweli, ni kiapo chako. Ridhaa ya mtoto kutibiwa au kufanyiwa upasuaji ni yako. Ile sehemu ya fomu ya shule inayotaka vipimo na sahihi ya daktari ni ya daktari. Mtoto apelekwe apimwe.

Sita, fomu ikishajaa, isomwe yote kwa sauti. Kama husomi, msaidizi akusomee, au mwanao, au kijana wa steshenari, swali na jibu lake. Kila jibu jiulize: hili nimelisema mimi? Kama hukulisema, lifutwe. Kwa mtu mzima, linganisha tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA, ambazo ni mwaka, mwezi na siku. Zikitofautiana, uliza kabla ya kutuma.

Saba, beba nakala. Mtoto akipewa rufaa kwenda Utete, Mchukwi au Muhimbili, mkabidhi muuguzi na umwonyeshe kwa kidole: "Hapa nimeacha wazi, sijui." Usione haya. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami naongeza kwamba kukiri hujui mbele ya muuguzi ni msaada kwake. Nafasi tupu inanifanya niulize, nipime, nipige simu zahanati mliyotoka. Nafasi iliyojaa inanifanya niendelee na kazi.

Wasaidizi hawa watazidi kuwa hodari, na huenda wakajifunza mfungo sita na saa za Kiswahili. Lakini kama mwanao aliwahi kuvimba uso usiku mmoja baada ya sindano, hilo halijaandikwa popote kwenye mtandao. Unalijua wewe, au bibi yake aliyemshika usiku ule. Kabla fomu haijatumwa, muulizeni bibi.